Buraza Inamfaa Nani?

Muhula uliopita, katika somo la uandishi wa hoja, tulipewa swali hili: chagua tarafa moja ya mashambani nchini Burundi, kisha uonyeshe kama inafaa kwa mtu anayetaka kuhamia huko, kujenga, kulima chakula chake mwenyewe na kujiandaa kwa majanga. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Bujumbura, alichagua Buraza. Alikuja na jedwali alilolichora kwa rula. Maji, alama 9 kati ya 10. Mvua 8. Usalama dhidi ya mafuriko 10 kamili. Barabara 5. Udongo 7. Umbali na miji mikubwa, ambao kwake ulikuwa sifa, 8. Jumla 47 kati ya 60. Akamalizia kwa kusema kwamba mwenye akili auze kiwanja chake kando ya Ziwa Tanganyika leo hii, apande mlima, akanunue shamba Buraza. Tukampigia makofi.

Nami nilipiga makofi. Kazi ilikuwa nzuri, na tena si rahisi kusimama mbele ya darasa zima na kusema: mama yangu yuko Buraza sasa hivi, anaishi ndani ya swali hilo, na jedwali lako limemsahau. Makala haya ndiyo maneno ambayo sikuyasema siku ile.

Nianze na yale ambayo mwenzangu aliyapata sawasawa, maana si machache. Buraza iko Kirimiro, nyanda za juu za katikati, kusini mwa mji wa Gitega. Ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi. Hewa ni baridi na mbu si wengi kama wa Imbo. Mvua huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, ikipumzika kidogo katikati. Mlimani watu hulima misimu miwili kwa mwaka, na wenye sehemu bondeni hulima msimu wa tatu wakati wa kiangazi. Chini ya vilima kuna chemchemi, nyingine zimejengewa vizuri kwa saruji na bomba. Mtu anayetoka Gatumba, ambako ukichimba choo unakutana na maji kabla shimo halijafika kiunoni, akifika Buraza lazima ashukuru. Sisi tulishukuru.

Ana makosa madogo pia, na nitayapita haraka. Alituambia kwamba bidhaa za Tanzania huingia Buraza kwa urahisi kupitia Kobero. Kobero iko upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi. Buraza tunayoizungumzia iko Gitega. Mwenzangu alichota kwenye visima viwili akamimina katika mtungi mmoja. Tena, tangu mageuzi ya 2025, mikoa ilipopungua kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, Buraza ya Gitega haimo tena kwenye orodha ya tarafa. Watu wa vilimani bado wanasema "komini yetu ya Buraza", nami nitaendelea kuiita tarafa kama wao. Lakini anayewashauri watu wakanunue ardhi alipaswa kujua kwanza ni ofisi gani wataendea cheti.

Hayo ni madogo. Lililonichoma ni kubwa zaidi, na siwezi kulieleza bila kusema habari za kwetu.

Sisi ni watu wa Gatumba. Baba alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na aliuza samaki, baadaye nguo. Alifariki 2016 akatuachia kiwanja chenye vyumba vitatu. Mwezi wa Aprili 2020 Mto Rusizi ulivunja kingo zake na maji yakaingia Gatumba. Nilikuwa na miaka 16. Nilitoka na begi la shule, mama akatoka na mdogo wangu mgongoni na sufuria moja. Majirani wetu wengi waliishia kwenye mahema, wengine Kigaramango, na wapo waliokaa humo miaka. Sisi tuliambiwa tuna bahati, kwa sababu mama alikuwa na kwao. Kwao ni Buraza.

Mjomba alitupokea vizuri. Hilo nataka lisomwe kabla ya mengine yote, ili mtu asije akadhani naandika kumshitaki. Alitupa chumba, akatupa na kipande cha shamba chembamba kinachoshuka hadi bondeni. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulipewa siku ya pili. Watoto wa kilimani walituita Waswahili, neno ambalo huko lina maana ya mtu wa mjini asiyejua kulima, na wakati mwingine mjanja asiyeaminika, lakini mama alikuwa amezaliwa hapo na mikono yake haikuwa imesahau. Alichimba shimo la mboji. Alipanda majani ya kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za matuta. Alizungushia minyaa. Alinunua mbuzi mmoja, akawa wawili. Mwaka wa tatu alikuwa na migomba yake, maharage ya kula na ya mbegu, muhogo uliobaki udongoni, mboga nyuma ya nyumba, na magimbi kule chini kwenye unyevu. Kama mwenzangu angepita na jedwali lake, angemweka mama kwenye picha ya jalada.

Mwaka jana binamu yangu, kijana wa kwanza wa mjomba, alipata mchumba. Jioni moja mjomba alikuja kukaa na mama jikoni, akakohoa, akasema: "Dada, unajua yule kijana anahitaji pa kujenga." Hakupandisha sauti. Hakuna aliyegombana. Mama alisema, "Najua, kaka." Kipande kile ndicho pekee ambacho hakijajengwa wala hakijagawiwa.

Jedwali lina safu ya maji, mvua, mafuriko, barabara, udongo na umbali. Safu ya jambo hili haimo.

Sisi tunajifunza Kiswahili, kwa hiyo niruhusuni kuuliza swali la sarufi. Kitenzi "kufaa" mara nyingi hutaka mtu wa kufaliwa. Kitu hunifaa, hukufaa, humfaa, hutufaa. Tunaposema "Buraza inafaa" tukanyamaza, tumeacha nafasi wazi katikati ya neno, na nafasi ile haikai wazi. Hujazwa kimyakimya na yule tuliyemfikiria. Darasani siku ile aliyefikiriwa alikuwa mwanamume, mwenye pesa za kununua, ambaye jina lake linaweza kuandikwa kwenye karatasi bila mtu kuuliza kaka yake yuko wapi. Huyo inamfaa, sikatai. Methali tunayoikariri tangu shule ya msingi haikufanya kosa hilo: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mtu yumo ndani ya kitenzi, na dhiki imetajwa.

Basi tumuulize yule mnunuzi pia. Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834, ziwa likiwa ndani ya hesabu, na watu zaidi ya milioni 12. Ni zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi mno kati yao wanaishi kwa jembe. Familia nyingi zina chini ya nusu hekta. Katika nchi ya namna hii hakuna shamba lililolala likimsubiri mtu wa mjini. Kila kipande kinachouzwa kilimani kina sababu, na mara nyingi sababu ni ugonjwa, karo, kesi au njaa. Anayenunua itongo, yaani shamba la ukoo, wakati wa bei nafuu, ananunua wakati mwenzake ameshikwa pabaya. Kwenye jedwali hilo liliitwa maandalizi ya dharura. Ni kweli kuna dharura hapo, lakini ni ya muuzaji.

Sasa nije kwenye sheria. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi ya ardhi. Kanuni ya watu na familia ya 1993 haikuligusa jambo hilo, na mswada wa sheria ya mirathi ulioandaliwa miaka ya 2000 uliwekwa kando. Katiba ya 2018 inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria. Ikifika kwenye itongo, sheria hiyo ya kuwafanya wawe sawa haipo, na kinachobaki ni mila. Kwa mila mwana wa kiume hurithi. Binti anaweza kupewa igiseke, kipande cha kutumia akiwa hai, ambacho hakimilikishi na hurudi kwa kaka zake au watoto wao. Mama alipewa kitu cha namna hiyo, na hata hicho hakikutamkwa wazi, kilieleweka tu. Kanuni ya ardhi ya 2011 ilileta huduma za ardhi za tarafa na vyeti vyake, jambo jema sana, lakini cheti huandika kile ambacho watu wa kilima wanakubali kuwa ndicho. Kama wote wanakubali kwamba shamba ni la kaka, karatasi itasema ni la kaka, na sasa kwa muhuri.

Mtu ataniambia kwamba haya ni mambo ya haki za wanawake, na swali letu lilikuwa la chakula na majanga. Hapa ndipo ninapotaka kubishana hasa, kwa sababu nadhani waliotenganisha mambo hayo mawili hawajawahi kupanda kitu.

Maharage hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Magimbi hutaka muda mrefu zaidi, karibu mwaka. Muhogo mwaka na zaidi, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuuacha ardhini ukawa ghala lisilohitaji gunia. Kahawa hutaka miaka mitatu kabla ya kukupa kitu. Parachichi lisilobebeshwa ni miaka mingi zaidi. Mtu asiyejua kama mwaka ujao atakuwa kwenye shamba lile hapandi parachichi. Hapandi hata muhogo, akiwa na busara. Anapanda maharage, anavuna, anapanda tena, udongo unachoka, na mvua ikikosea msimu mmoja hana kitu kingine cha kushika. Tazama basi: yale mazao yanayomwokoa mtu wakati wa ukame ni yaleyale yanayotaka uhakika wa miaka. Uhakika wa ardhi ndio ghala la kwanza, na magunia hufuata. Vivyo hivyo mitaro ya kuzuia mmomonyoko na matuta yanayosifiwa katika kila kampeni ya kilimo. Ni kazi ya mgongo kweli, na faida yake huonekana baada ya miaka. Nani atamchimbia mpwa wa mtu? Mama alichimba, lakini mama ni mtu wa ajabu kidogo, na mpango wa nchi hauwezi kutegemea watu wa ajabu.

Mwenzangu alipendekeza kila anayehamia aweke kilo 100 za maharage kwa kila mtu wa nyumba. Akasema akiba haiozi. Methali nzuri, lakini aliyeisema huenda hakuwafahamu fukusi. Maharage usipoyachanganya na majivu au dawa, baada ya miezi michache unafungua gunia unakuta unga na vijidudu vinavyotembea. Anayejua kuyahifadhi ni yule aliyekaa mahali misimu mingi. Na akiba ina adui mkubwa kuliko fukusi. Wazee wa kilimani, ukiwauliza kuhusu majanga, hawaanzi na mvua. Wanataja mwaka tu: 72, 93. Hawaongezi neno. Wanajua kwamba siku ile ghala halikimbii nawe, na kwamba wengine waliokolewa na jirani aliyefungua mlango wa nyuma. Hilo nalo halimo kwenye jedwali, ingawa nakiri kwamba sijui lingepewa alama ngapi.

Mifano ya nje ya Buraza inaonyesha jambo lilelile, na nitatoa miwili.

Baada ya 1972, Warundi wengi walikimbilia Tanzania na kuwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mishamo ulikuwa msitu wa miombo wenye mbung'o, mbali na kila kitu. Mwenzangu angeupa alama gani? Barabara 1, maji 3, afya sifuri. Lakini kila familia ilikatiwa hekta 5 hivi, ikaambiwa: hapa ni penu pa kulima. Walifyeka, wakapanda, na katika miaka ya 1980 makazi yale yalikuwa yakijilisha na kuuza ziada hata mashirika ya misaada yakajiondoa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kizazi kile walikamilishiwa uraia wa Tanzania. Siwasifii ukimbizi. Walikuwa na vizuizi vya kutembea, na ardhi ile haikuwa mali yao kisheria. Nasema tu kwamba ardhi mbaya yenye uhakika wa miaka 30 iliwalisha watu, na ardhi nzuri ya Kirimiro isiyo na uhakika inamnyima mama yangu usingizi.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Wengi wa waliorudi kutoka Tanzania baada ya 2002 walikuta mashamba yao yana watu. Serikali na wafadhili wakajenga vijiji vya amani, hasa kusini, Makamba, Rutana na upande wa Rumonge. Nyumba zilipangwa kwenye mistari, mabati yanang'aa, shule na bomba karibu. Kwa jedwali ni alama za juu kabisa. Tatizo likawa lilelile: nyumba ilikuwepo, shamba la kutosha halikuwepo, au lilikuwa mbali, au lilikuwa na mdai mwingine. Na kesi zikaendelea. Tume ya ardhi na mali nyingine ilifanya kazi tangu 2006 kwa zaidi ya miaka 15, na hadi leo ukienda mahakama yoyote ya mashambani utakuta watu wengi kwenye benchi wanasubiri kesi za mashamba.

Najua pingamizi kubwa linalokuja, maana mjomba mwenyewe alilisema, tena kwa uchungu: ardhi ni ndogo, nina vijana wanne, nikiwagawia na dada na mabinti kila mtu atapata pa kuweka mkeka. Pingamizi hili lina nguvu na sitalidharau. Lakini tulihesabu pamoja naye, kwa vijiti, juu ya ardhi. Kijana anayerithi kwao huoa msichana ambaye kwa sasa haleti kitu. Kama wote wawili wangerithi, kijana angepata kidogo zaidi upande wake na mke angeleta kidogo upande wa kwao. Ardhi ya nchi haipungui kwa kugawiwa watu walewale kwa njia nyingine. Ukweli ni kwamba vipande vingekuwa mbalimbali, na hilo ni usumbufu: mtu hawezi kulima Buraza asubuhi na Makebuko mchana. Kwa hiyo pangehitajika utaratibu wa kubadilishana, kukodishana na kuuziana ndani ya ukoo, ulioandikwa. Ni kazi. Lakini ni kazi ya aina ambayo ofisi za ardhi za tarafa zilianzishwa kuifanya. Mjomba alivitazama vile vijiti muda mrefu. Akasema hesabu ni sahihi, ila yeye hawezi kuwa wa kwanza kilimani kuifanya, maana akiwapa mabinti zake na wakwe za vijana wake wasitoe kitu, vijana wake watakuwa wamepigwa mara mbili. Sikuwa na jibu. Bado sina. Anachosema ni kwamba mtu mmoja hawezi kubadilisha mila peke yake bila kuumia, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo maana sheria hutungwa kwa wote siku moja.

Kuna pingamizi la pili, jepesi zaidi lakini linapendwa: mila humlinda binti aliyerudi, halali njaa. Naam, sisi hatukulala njaa. Mila ilimfikiria dada anayerudi kwa sababu ya ndoa kuvunjika au kufiwa, mmoja katika ukoo, kwa msimu au miwili, hadi aolewe tena au watoto wakue. Haikumfikiria dada ambaye kiwanja chake kimekuwa sehemu ya mto. Gatumba ilifurika 2020, ikafurika tena baadaye, na 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia mitaa ya Bujumbura iliyo kando yake. Kama ushauri wa mwenzangu utafuatwa, na watu wa Imbo wapande mlima, wengi hawatapanda kwenda kwa dalali. Watakwenda kwa wajomba. Nusu ya watakaofika watakuwa wakina mama wenye watoto, wakibisha kwenye urugo wa kaka. Buraza itawapokea, namjua mjomba. Swali la maandalizi ni nini kitawapata mwaka wa sita.

Nimeulizwa na rafiki yangu wa chumba kama ninataka jedwali litupwe. Hapana. Jedwali ni zuri kwa mvua. Mtu asijenge kwenye njia ya mto kisha akasema haki itamwokoa. Sisi tulijenga huko, tunajua. Ningependa tu kwamba kabla ya safu ya maji iwekwe safu inayouliza: jina la nani litaandikwa, na akifa au akifukuzwa au akijane, waliobaki watakaa wapi? Safu hiyo isijumlishwe na nyingine. Ikiwa na sifuri, zile 47 zisihesabiwe. Ndoo yenye tundu haipewi alama kwa uzuri wa mpini.

Na walimu wetu nawaomba jambo moja, kwa heshima. Mnapotupa swali la mahali, mtuulize pia tumemuuliza nani wa hapo. Katika jedwali zima hapakuwa na mtu hata mmoja wa Buraza aliyesema neno. Kulikuwa na mteremko, milimita za mvua na picha iliyopigwa kutoka angani. Mtu akiwa angani haoni ni nani amelala macho ndani ya nyumba.

Wiki iliyopita nilimpigia mama. Mtandao ulikatika mara mbili. Wazee wa kilima, bashingantahe, wameombwa wakae na mjomba na yeye, kwa urafiki tu, ili kila mmoja aseme lake. Nilimuuliza atasema nini. Alisema ataomba alipwe angalau migomba, kwa sababu ile alipanda yeye, na mbuzi ni wake bila ubishi. Shamba hatalitaja. Nilimwambia alitaje. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama mitihani imekaribia.

Nimemwalika mwenzangu wa jedwali aje Buraza likizo hii, alale kwetu, alete na rula yake. Amekubali, ni mtu mwema. Mama anasema aje kabla ya Septemba, maana Septemba binamu yangu anaanza kufyatua matofali.